Jezi Iliyokataa Rangi

Jezi yangu ya kwanza niliichomoa mwenyewe kwenye rundo la mitumba, mnadani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo nguo tulizisubiri kwenye duka la ushirika mpaka tukasahau tunasubiri nini. Sasa zinamwagwa tu kwenye turubai, unachagua! Ilikuwa nyeupe, laini, inateleza mkononi kama kambale, namba tisa mgongoni, na kifuani maandishi ambayo hata mwalimu aliyatazama akakohoa tu. Basi nikawa shabiki wa timu nisiyoijua jina. Redio ikisoma matokeo ya Ulaya nilishangilia washindi wote, maana huwezi jua.

Pale kwetu Sepuka, kaka yangu alikuwa kapteni wa timu ya kijiji. Mwaka huo tukafika fainali, na refa akatuma ujumbe: "Mkija tena kila mtu na rangi yake, nawapa wenzenu kombe, narudi nyumbani kula."

Mama alikuwa msusi wa vikapu. Akasema rangi yake ya zambarau, ile ya kutia nyasi za kusukia, inatosha kijiji kizima. Wachezaji wakaleta fulana nyeupe na zilizowahi kuwa nyeupe. Ikapungua moja, ya kaka mwenyewe. Kaka akanijia na sauti ya asali.

"Mdogo wangu, timu unaipenda?"

"Sana."

"Basi lete namba tisa."

"Thubutu! Ile si fulana, ile ni jezi!"

Lakini nilimwona anavyoniangalia, jitu zima, kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Nikaileta. Nikaitia mwenyewe kwenye debe la rangi, macho nimefumba.

Jioni mama akaanza kuzitoa. Fulana zote zambarau tupu, hadi raha! Yangu ikaibuka nyeupe pee. Akaichovya tena, akaikoroga, akaisukuma kwa mwiko. Wapi!

"Hiki si kitambaa," mama alisema, "hiki ni bata. Maji yanateleza tu."

Mimi nikaruka kwa furaha. Kaka akakaa chini, mikono kichwani. Aliyetuokoa ni kipa, fundi baiskeli mmoja mwenye mabega kama mlango. Alikuwa amevaa sweta lake la sufu jeupe, la kudakia.

"Kipa anaruhusiwa rangi yake," akasema. "Nipeni huyo bata. Sweta langu litieni rangi, avae kapteni."

Tulicheka mpaka mama akakalia debe jingine tupu. Sweta likainywa rangi yote.

Siku ya fainali kaka aliingia uwanjani na sweta bichi limefika magotini, jua la saa tisa linamwakia. Kila beki aliyemkaba alitoka na zambarau shavuni. Mashabiki wa wenzetu wakapiga kelele: "Kapteni, baridi imekuzidi?" Naye akawafunga bao. Mimi sikuliona vizuri. Macho yangu yalikuwa golini, kwa jezi yangu, ambayo juu ya kipa ilikuwa imeishia kitovuni, na kila akinyoosha mikono nilisikia mshono ukivutika kifuani mwangu.

Dakika za mwisho, penalti. Yao.

Nilipiga magoti pembeni ya goli. Nilitaka adake, Mungu anajua nilitaka. Ila nilitaka adake bila kuruka.

Akaruka. Nilisikia chwaaa! kutoka kwapani mpaka kiunoni, halafu nikaona mpira umetulia tumboni mwake. Uwanja ukalipuka. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikambeba mtoto wa watu nisiyemjua, nikamzungusha.

Kipa alinifuata kombe likiwa bado linapokezanwa. Jitu lile liliniogopa.

"Dada, nimekuchania. Nisamehe."

"Umedaka!" nilimwambia. "Umedaka ndani ya jezi yangu!"

Mama aliishona kwa kiraka cha zambarau, alichokata kwenye pindo la sweta lililokuwa limerefuka mno. Ikarudi kwangu pana kama gauni, na naivaa hivyo hivyo mpaka leo. Juzi mnadani muuza mitumba mmoja aliitazama juu chini.

"Bibie, hiyo jezi ya timu gani?"

Nikainua mkono, aone kiraka.

"Ya kwetu Sepuka, kaka. Mabingwa!"