Siku Emiliana Alipoanzia Barabarani

Emiliana hajawahi kugawa kazi akiwa amekaa. Kila asubuhi ya mavuno ya zabibu kule Hombolo, wachumaji wake kumi na wanane husimama duara kando ya kreti tupu, mikasi mkononi. "Mbukwenyi!" huwasalimu kwa Kigogo, nao huitikia, kisha anamuuliza mmoja mmoja: jana ulikwama wapi, leo unashika wapi? Anayetafuta pa kukaa huambiwa, "Ukikaa utatuletea habari za mkweo, na zabibu hazina muda nazo."

Wapo wanaodhani alifundishwa hayo chuoni. Aliishia darasa la saba, mengine aliyaokota kwa macho yake.

Sheria yake kubwa ni moja: kuchuma kuanzie chini bondeni, watu wapande wakirudi barabarani. Sababu anayo. Mtu akishachoka, kreti yake iwe na safari fupi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeigusa sheria hiyo.

Machi hii mwenye shamba, mzee Zablon, alimwambia bila kuzunguka: "Emi, gari la mnunuzi linaondoka saa sita kamili. Mwaka jana lilituacha, nusu ya zabibu zikaozea hapa. Likituacha tena, mwakani naleta wachumaji wa mjini."

Neno hilo lilimkaa kifuani. Watu aliowafundisha mwenyewe kushika mkasi, leo wafukuzwe kwa ajili ya wageni wasioujua mzabibu?

Siku ya gari kuja, mvua ikashuka alfajiri. Walisimama duara kwenye matope, zamu ikamfikia Loisi, msichana aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini.

"Mama, samahani. Leo tuanzie barabarani."

Watu wakaguna. Emiliana akashika kiuno. "Wewe! Nilianza kuchuma kule chini ukiwa mgongoni kwa mama yako."

"Ndiyo, mama, shikamoo yako ipo palepale." Kicheko kikapita. "Lakini jana jioni mimi ndiye niliyeshusha kreti tupu kule, na matope yalinishika kabla hata ya mvua hii. Tuchume huku kwanza, gari lipakie, na jua lipate muda wa kukausha kule."

Emiliana alitazama bondeni. Maji yaling'aa kati ya mistari. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Na wabebaji? Safari ndefu itawakuta wameshachoka," akauliza.

"Tupokezane. Akichoka mmoja, ashike mkasi."

Emiliana akameza lile neno lake. "Mmesikia. Leo Loisi anapanga, mimi nachuma."

"Leo jua limetokea magharibi!" Athuman, mpakiaji na mtani wake wa siku nyingi, akapiga kelele kutoka juu ya gari.

"Wewe panga kreti, hilo domo halibebi kitu!"

Kuchuma hakukumsumbua. Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Mara tatu alifungua mdomo atoe amri, mara tatu akakata kichala badala yake. Saa nne aliona watu wawili wakisubiri kreti bila kazi, akageuka kumtafuta Loisi ili amwambie, kumbe Loisi ameshawahamishia kwenye kubeba. Wakati wanashuka bondeni ardhi ilikuwa bado laini, ila mguu ukizama ulitoka.

Saa sita kasoro dakika nane kreti ya mwisho ikapanda. Mzee Zablon alizunguka gari mara mbili, akakuna kidevu.

"Basi mwakani, Emi..."

"Mwakani uje kutuomba mapema, tusije tukachukuliwa na wengine."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Kesho yake asubuhi, kwenye shamba la pili, duara lilisimama kama kawaida. Maswali yalipomaliza kuzunguka, Emiliana hakuwaruhusu waondoke. Alikohoa kidogo.

"Na mimi leo niulizeni."

Wakatazamana. Loisi ndiye aliyethubutu. "Mama, jana ulikwama wapi?"

"Bondeni," akasema, "kabla hata sijashuka. Haya, mikasi juu!"