Maswali Mawili Niliyoyaruka

Nimefanya kazi nyingi, kuanzia mashamba ya mkonge hadi bandarini, na nyingine nimezisahau. Ya kliniki sijaisahau.

Ilikuwa miaka ya sabini, kliniki ya gari iliyozunguka vijiji kati ya Voi na Mwatate. Daktari alikuwa mgeni, na mama zetu wengi walikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alinifanya mkalimani wake, akaniambia niandike maswali yake kumi kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, yapigwe chapa kwenye kadi za wagonjwa. La saba na la nane yalihusu damu ya wanawake na maumivu chini ya kitovu. Nilitafuta maneno ambayo bibi yeyote wa milimani angeyaelewa, nikayapata, nikajisifu sana.

Siku moja tukiwa Mwatate, akaingia mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia. Nilivyolelewa, mama mkwe humtazami usoni mkiongea, sembuse kumuuliza habari za mwili wake. Wanawake waliokuwa kwenye benchi nje walituona mlangoni, wakaanza.

"Mama, leo mkweo ndiye daktari!"

"Usimwambie yote, atadai ng'ombe wake wa mahari!"

Hata yeye alicheka, mdomo kaufunika kwa leso.

Nikauliza. Anakula? Analala? Ana kikohozi? Alijibu akitazama sakafu, nami natazama kadi. Nilipofika la saba, ulimi ulikataa. Kwa Kiingereza ningelisema bila haya, kwa Kiswahili labda. Kwa Kidawida lilikuwa uchi mtupu, na maneno ni yangu mwenyewe.

"Mama, umechoka?" nikamuuliza.

"Nimechoka, baba."

Nikatia alama kwenye "hapana" mara mbili, nikamwambia daktari ni uchovu. Palikuwa na mama aliyetuoshea chupa, Mdawida, anayejua kusoma. Ningeweza kumpa kadi nikatoka nje dakika tano. Sikutaka daktari aone kazi imenishinda.

Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Akiondoka alisema polepole, "Asante, mwanangu. Umeniheshimu."

Miezi ikapita. Mke wangu alimkuta mama yake hawezi kusimama, akampeleka hospitali Voi. Muuguzi mmoja, mwanamke wa Taveta asiyejua hata neno moja la Kidawida, alimuuliza kwa Kiswahili chepesi na kwa mikono, naye akaeleza yote. Damu ilikuwa ikimtoka tangu kabla hajaja kliniki kwetu. Alifanyiwa upasuaji mkubwa. Alipona, lakini jembe hakulishika tena.

Mke wangu aliporudi nyumbani, hata hakukaa.

"Yule daktari wenu hakumuuliza mama mambo haya?"

"Hakuuliza," nikasema.

"Wageni hawa! Wanatuona kama mbuzi."

Maneno yake yalifika kwa dada zake, kutoka kwa dada zake yakafika sokoni. Tuliporudi Mwatate na kliniki, benchi lilikuwa na wazee wawili na mtoto mwenye upele. Daktari alisimama mlangoni, kadi zikiwa mkononi, akatazama njia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, mkalimani wake, wanawake wamekwenda wapi.

Nikamwambia ni msimu wa kupanda.