Nembo Mgongoni

Niliitumikia idara ya elimu hadi nilipostaafu, na hadi leo ni mjumbe wa halmashauri ya shule moja ya umma karibu na bonde la Mathare. Naandika haya kwa sababu taarifa iliyosomwa mbele ya wazazi ilidai kwamba mpango wa sare kwa watoto wasiojiweza ulifana. Haukufana.

Kikaoni nilishauri masweta yafumwe na fundi yule yule anayewafumia wengine, ili mtoto anayesaidiwa asitofautishwe na mtoto anayenunuliwa sare na wazazi. Yakaletwa masweta yaliyotariziwa nembo ya njano ya mfadhili mgongoni, pana kama sinia. Mwalimu mkuu alinieleza kuwa mfadhili sharti aonekane pichani. Tangu lini mgongo wa mtoto ukawa ukuta wa kubandikia matangazo?

Baridi ya Julai ilipoanza, nilikuwa langoni alipofika msichana wa gredi ya sita, mjukuu wa mama mmoja muuza mboga.

"Niaje, Bango!" wenzake wakampokea. "Leo unauza nini, sabuni ama unga?"

"Hebu geuka tusome bei!"

Kesho yake alilivaa sweta ndani nje. Mwalimu wa zamu akamrudisha nyumbani kwa kutovaa sare ipasavyo. Nyanya yake akachukua sindano, akaifumua nembo uzi kwa uzi, akazitililia tundu kwa uzi wa buluu. Kazi safi.

Kisha wakaja wageni wa mfadhili na kamera zao. Watoto walipangwa safu, migongo mbele. Mgongo mmoja haukuwa na kitu. Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu alimvua msichana sweta, akamwambia asikanyage darasani mpaka aombe radhi gwarideni kwa kudharau msaada.

Nilikwenda kwa fundi, nikanunua sweta la kawaida, nikampa mtoto, kisha nikaenda ofisini.

"Sasa ana sare," nilisema. "Arudi darasani."

"Mzee, sare si hoja tena. Aombe radhi. Mfadhili akituhama, hawa wengine tutawavisha nini?"

"Aombe radhi kwa kosa gani?"

"Mzee wangu, wewe ulishastaafu. Si upumzike?"

Nilimkuta nyanya akikata sukuma wiki kibarazani pake.

"Baba, nimemwambia ni maneno tu, ayaseme yaishe," alisema bila kuinua macho. "Ameniuliza, 'Nyanya, niwaombe radhi wale wale walionicheka?' Nimekosa jibu. Wewe unalo?"



Muhula umekwisha, na msichana hajaomba radhi. Taarifa inasema kwamba hakuna mtoto aliyebaki nyumbani kwa kukosa sare. Kwa kuwa napenda kumbukumbu ziwe sahihi, nakiri kwamba sentensi hiyo ni ya kweli. Sare anayo. Imetundikwa msumarini nyumbani kwa nyanya yake, mgongo mtupu, na mtoto mwenyewe yuko kibarazani anafunga mafungu ya mboga.