Kuku wa Shangazi na Kipimo cha Ini

Karatasi ya hospitali ilisema nisile chochote kabla ya kipimo. Niliisoma mara tatu kwenye basi kutoka Sepuka. Nilipokwenda kumtolea dada yangu damu ndipo waliponiambia nina virusi vya homa ya ini. Sasa ilibidi nijue kama ini limeanza kupata makovu.

Nilifikia kwa shangazi, Singida Mjini. Alikuwa ameshachinja kuku.

"Shangazi, nimeambiwa nisile."

"Na nani? Kwangu hatoki mtu na tumbo tupu. Kula, baba, upate nguvu za kupimwa."

Nilitaka kumwonyesha karatasi. Mkono ulikwenda mfukoni, ukarudi kwenye ugali.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, aliniuliza kama nimekula. Nikatikisa kichwa kukataa. Akanilaza chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Kifaa chake kikanigonga kati ya mbavu, kama ncha ya kidole. Mara kumi. Nyumbani tunagonga mzinga wa nyuki vivyo hivyo, kusikia kama umejaa.

"Kwenye ini laini mtikisiko unapita polepole," alisema. "Likikaza, unakimbia." Kisha akaitazama skrini. "Hapa pamekaza, kijana. Unakunywa pombe?"

"Hapana."

Akaanza kuandika. Nilijua akimaliza, ule ugali utakuwa ugonjwa wangu.

"Shikamoo," nikasema.

Aligeuka. "Marahaba. Si umeshaniamkia?"

"Nimekula. Kuku. Na ugali. Kwa shangazi."

Aliweka kalamu chini. "Kiasi gani?"

"Sahani mbili."

"Chakula hulikaza ini kwa muda. Mashine haijui kama ni kovu au ni kuku. Njoo kesho, na njaa yako."

Nilimweleza shangazi yote, hata virusi. Asubuhi hakuwasha jiko kabisa, akafuatana nami hadi chumba cha kipimo. Daktari alipouliza, alijibu yeye: "Hajaonja kitu. Nimemlinda."

Mara kumi tena. Shangazi alihesabu kwa midomo bila sauti. Daktari alisoma namba, akasogea karibu na skrini, akaisoma upya.

"Leo ni laini," alisema. "Sioni dalili ya makovu. Lakini virusi bado vipo, utakuwa unarudi kupimwa."

Nikaitikia. Shangazi alisogea kitandani, akaushusha mkono wangu, uliokuwa bado nyuma ya kichwa.