Wafalme Waliochokozwa na Mwalimu Sabina

Mwalimu Sabina alistaafu baada ya kufundisha jiografia maisha yake yote, akarudi kwenye nyumba iliyokuwa kimya kuliko darasa wakati wa likizo. Mumewe alishatangulia mbele za haki. Mtoto wao wa pekee, Inosenti, alikuwa Dodoma akifanya kazi ya kompyuta. Nyumba ilikaa pembeni mwa mji wa Karatu, pale mashamba ya mahindi yanapoanzia, na mchana kutwa alisikia magari ya watalii yakipandisha kuelekea Ngorongoro. Yote yalipita.

Krismasi moja Inosenti alimletea kompyuta yake ya zamani, akamwekea mchezo wa kujenga dola. Unaanza na kijiji kimoja, unalima, unachimba chuma, unapanua mipaka. Ng'ambo kuna wafalme wengine wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Sabina, mtu wa ramani, aliushika upesi. Kwa muda walicheza pamoja Jumapili baada ya misa, mama Karatu, mwana Dodoma, huku wakiongea kwa simu. Siku moja Sabina alimvamia jirani mwenye ngano nyingi, na wafalme wote wakamgeukia.

"Mama, usianze wewe," Inosenti alisema akicheka. "Ukianza, dunia nzima inakuona mkorofi. Mchokoze taratibu mpaka atangaze vita yeye. Hapo hata rafiki zake watakuhurumia."

Baadaye kazi zikamzidi Inosenti. Jumapili zikaanza kurukwa, kisha zikakoma kabisa. Sabina akabaki na wafalme.

Uchokozi aliujua kuliko kulima. Alijenga mji puani pa mji wa mwenzake. Alipanga askari kandokando ya mpaka bila kuvuka, akaahidi kuwaondoa, akawaacha palepale. Mfalme aliyekaa naye kwa amani alikuwa kama picha ya ukutani: salamu ileile, ombi la kubadilishana chumvi na farasi, basi, ametoweka. Aliyechokozwa ndiye aliyejitokeza uso mzima. Kulikuwa na malkia wa kilemba cha kijani aliyekunja uso kidogo kidogo, hadi akaibuka kusema uvumilivu umemwishia. Sabina alivuta kiti karibu.

"Haya, sema yote," alimwambia kwa Kiiraqw, lugha ambayo humo ndani hakuwa na wa kuizungumza naye tangu amzike mumewe.

Malkia alisema maneno machache, akatangaza vita. Sabina ndiye aliyejibu kirefu.

Sauti ilivuka uzio wa minyaa hadi kwa Lukresia, jirani yake, aliyekuwa akimletea maziwa. Lukresia aliingia bila hodi, akakuta sebule haina mtu mwingine.

"Mwalimu, unagombana na nani?"

Sabina aliona haya, lakini akamwonyesha. Lukresia aliweka chupa ya maziwa chini, akamtazama malkia yule kwa muda.

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mimi ndiye niliyemchokoza."

"Sasa kwa nini?"

"Akikasirika anaongea nami."

Lukresia hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Na Inosenti je? Naye mnagombana?"

"Huyo? Nikimwambia mvua imebomoa choo, sawa mama. Nikimwambia naumwa goti, pole mama, sawa mama."

Lukresia alipoondoka, Sabina alichukua simu, akamwandikia mwanawe: "Nimeamua kupangisha chumba chako. Vitu vyako naviweka stoo." Kitanda cha chumba hicho Inosenti alichongewa na baba yake. Kwenye ukuta wake alibandika picha za mpira tangu akiwa darasa la nne. Sabina alisubiri simu iite, tayari ana majibu mdomoni.

Meseji iliingia mara moja. "Sawa mama. Wazo zuri."

Aliisoma amesimama. Aliacha simu mezani akitegemea nyingine ingefuata, na haikufuata. Basi akafanya kweli, kwa ukaidi tu. Alibandua picha, akazifunga kamba, akampa chumba Nailantei, nesi kijana kutoka upande wa Ngorongoro aliyekuwa amepata kazi mjini. Binti mpole, mwenye adabu, aliyetoka alfajiri na kurudi amechoka.

Pasaka Inosenti alikuja. Nailantei alikuwa zamu sikukuu zote, akilala hukohuko kazini, mlango wa chumba umefungwa kwa kufuli. Inosenti alilitazama kufuli lile, akalaza begi lake sebuleni. Sabina alikuwa jikoni akikoroga makande, macho yake kwenye taya la mwanawe. Aliliona likikaza.

"Sema," akamwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Lolote. Nimetoa kitanda cha baba yako kwa mtu usiyemjua. Huna neno?"

Inosenti alivuta kigoda, akaketi. Alipoongea, sauti yake haikuwa na hasira hata chembe.

"Nina haki gani, mama? Mimi siishi hapa. Ungekiacha chumba kitupu ningeona aibu zaidi."

Sabina alirudi kwenye sufuria. Majibu yote aliyoyaandaa yalikuwa ya mtu anayegombana, na mbele yake hapakuwa na ugomvi. Walikula. Inosenti alimsifu kwa makande, akamtengenezea kompyuta iliyokuwa nzito kuwaka, akalala kwenye godoro sebuleni. Jumatatu asubuhi Sabina alimsindikiza stendi. Walishikana mikono, kisha mwana akainama na kumkumbatia mama yake, upesi, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Basi la Arusha, ambako angepanda la Dodoma, liliondoka na vumbi lake jekundu.

Aliporudi alimkuta Nailantei ametoka zamu, anapiga pasi sare yake.

"Shikamoo, mwalimu. Naona godoro sebuleni. Ulikuwa na mgeni?"

"Marahaba." Sabina alivua viatu, akainama kukunja shuka. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa na mgeni."