Gari Lililonukia Jiko

Mafuta ya mawese yakishika moto hutoa harufu ambayo mtoto wa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, haulizi ni ya nini: nzito, tamu kidogo, inang'ang'ania nguo na kukutoa mate hata kama umeshiba. Kiangazi kile harufu hiyo ilitoka mahali pasipokuwa na sufuria wala kaango. Ilitoka chini ya gari la Papa. Majirani walichungulia uani wakauliza, "Munapika nini leo?" nasi watoto tukaangua kicheko, maana Mama alikuwa bandarini na jikoni hapakuwa na moto. Papa peke yake hakucheka.

Gari lenyewe lilikuwa la kifahari, la Kijerumani, jeusi, refu, tena lilinizidi umri. Papa, karani wa reli, alilinunua kwa mkubwa wake wa kazi aliyekuwa akihama. Lilikuwa limechoka, lakini viti vyake vya ngozi viling'aa bado, na giaboksi yake ilikuwa ya otomatiki, haina klachi, jambo ambalo mtaani kwetu lilionekana muujiza mtupu. Giaboksi hiyo ilivuja kidogo kidogo, ndiyo maana fundi wetu, Papa Ilunga, mtu mnene mwenye maneno mengi, alimfundisha Papa kupima oili yake kwa kijiti na kuiongeza ikipungua. Ni oili nyekundu. Ilikuja kwa meli kutoka Kigoma, na Papa aliiweka stoo ndani ya dumu la njano, akatukataza sote kuigusa. Alitukataza kwa kelele, kama kawaida yake. Hata kulipangusa gari ilikuwa lazima yeye asimame pembeni akitoa amri.

Na hapo ndipo tulipolihitaji kuliko wakati wowote, kwa sababu dada yetu mkubwa, Ya Anna, alikuwa anaolewa. Ya Anna alichechemea. Homa ya utotoni ilimwachia mguu mmoja mwembamba. Kwetu bibi harusi asiye na gari alikwenda kanisani kwa miguu, wanawake wakiimba mbele na nyuma, mtaa mzima ukitoka kutazama. Yeye alikwisha kusema wazi kwamba hatembei. "Papa, batu batatazama muguu, habatatazama robe," alisema, yaani gauni lake la harusi, na Papa akamwahidi kumpeleka mwenyewe, amekaa nyuma kama mke wa gavana. Sasa fikirini hali ya nyumba yetu wiki ya harusi, gari lilipoanza vituko. Asubuhi, upepo wa baridi ukivuma toka ziwani, Papa aliwasha injini, akavuta mkono wa gia, injini ikanguruma weee, gari likabaki palepale. Mchana, jua likishalichoma, liliondoka kwa kushtukashtuka, na ile harufu ya kaango ikaanza. Misa ya harusi ilikuwa ya asubuhi.

Papa Ilunga alipima oili akaiona nyekundu, tena imejaa. Harufu, alisema, ni ya sahani za chuma za ndani zilizoungua. Giaboksi imekufa, na nyingine labda ipatikane Lubumbashi, mbali kabisa. Papa akamgeuzia kibao: "Njo weye uliiharibu!" Wakafokeana mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Ya Anna aliingia chumbani. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilimkuta amejifunika uso kwa mto, analia, na siku hiyo nililichukia gari lile kwa moyo wangu wote.

Kesho yake, siku moja kabla ya harusi, uani kulijaa wanawake wa kupika. Mama alikuwa mchuuzi wa mawese. Yalimjia kwa treni kutoka Kongolo, mekundu kama ile oili, ndani ya madumu ya njano vilevile, nayo yakalala stoo ileile. Akachukua dumu, akamimina kwenye sufuria la sombe, kisamvu chetu, kisha akasimama mwiko ukiwa hewani. "Aka! Hii mafuta iko na harufu ya garaje!" Papa Ilunga, aliyekuja kula ingawa alikuwa amegombana na Papa, aliruka kama aliyeumwa na siafu. Akachomoa kijiti cha giaboksi, akakipangusa kwa kidole, akatia kidole mdomoni. "Papa Anna," alimwambia Papa, "ulilisha gari mawese!" Mawese yaliganda kwa baridi ya asubuhi, yakayeyuka na kukaangika mchana. Na kama pua ya Mama ingekuwa na mafua, wageni wote wangekula oili ya gari. Hakuna aliyeuliza nani alikosea, maana ni mmoja tu aliyekuwa na ruhusa ya kuligusa gari. Mama ndiye aliyeanza kucheka.

Papa Ilunga aliagiza mbabula, lile jiko letu la makaa, akalisogeza chini ya giaboksi huku Mama amesimama na ndoo ya mchanga. Mawese yakalainika, yakamwagika yakifuka moshi. Akaosha chujio kwa mafuta ya taa, akajaza oili halisi iliyokuwa jikoni, akaliendesha gari kidogo, akaimwaga, akajaza tena. Halafu Papa akavuta mkono wa gia na gari likaenda, laini, bila kushtuka. Wanawake walipiga vigelegele. Ya Anna alitoka nje nywele zimesukwa nusu, anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Papa alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini, akisema, "Afadhali, afadhali," huku machozi yanamtoka.

Asubuhi ya harusi kulikuwa na baridi kali, na gari liliondoka bila ubishi. Tulipokaribia kanisa Ya Anna alimgusa Papa begani. "Papa, simama hapa. Nitashuka." Papa alishtuka. "Lakini gari iko muzuri!" Naye akamjibu, "Najua, Papa. Njo maana nashuka." Akamshika Papa mkono, akatembea akichechemea mbele ya mtaa mzima, kichwa juu, na sisi nyuma yake tukiimba mpaka sauti zikakauka.

Leo nina gari langu. Likisumbua taa inawaka, fundi kijana anachomeka kifaa chake na kusoma ubovu. Hakuna anayenusa wala kuonja, nami nashukuru, sitawadanganya. Mwaka huu Ya Anna amemwoza binti yake. Magari yalikuwa mengi, ya kukodi, yote meupe, yote mapya, yakapita mtaani kwetu vioo vimefungwa, nasi tukayapungia mikono yote bila kujua mtoto wetu yuko katika lipi.