Ng'ombe wa Sabato na Barua ya Rabi

Kaa hapo karibu na jiko, msomaji wangu, nikueleze habari za marabi. Usiogope. Mbele kidogo utaona kwamba ni habari za ng'ombe.

Mimi hufundisha historia katika chuo kimoja mjini Kisii, na kwa miaka mingi nimependa barua za marabi, yaani wale walimu wa sheria ya dini ya Kiyahudi wa zamani. Maktaba za mbali zimepiga picha za barua hizo, nami huzichapisha kwa mama mmoja mwenye saiba, yaani duka la kompyuta. Kila mara yeye hugeuza karatasi huku na huku, kisha huniuliza juu ni wapi. Swali lake ni la haki. Karatasi ilikuwa adimu zamani, kwa hiyo rabi alipofika chini aligeuza ukurasa akaendelea kuandika pembeni, kisha juu, mpaka maneno yakazunguka barua kama ua uliozunguka boma.

Watu waliwaandikia marabi maswali ya nyumbani: maziwa yamerukia sufuria ya nyama, na kwao viwili hivyo havichanganywi; kuku aliyechinjwa ameonekana ana dosari; tufanyeje? Kabla ya kujibu, rabi alinakili swali lote. Kisha alitaja wasomi waliomtangulia, hata wale waliompinga, na mwishoni, msomi mzima wa kuogopwa, akatia sahihi akijiita mdogo.

Dada yangu mkubwa, mjane anayefuga ng'ombe mmoja kule Nyansiongo, alikuwa akinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayengoja chai ichemke. Siku moja akanikatiza.

"Mwalimu, hao wazee wako walikuwa na ng'ombe?"

"Walikuwa nao."

"Na Sabato waliishika?"

"Dada, waliishika kabla yako."

"Basi waulize kuhusu wangu."

Shida yake niliijua. Mzee wa kanisa lake la Kisabato alikuwa amemwambia kwamba kukamua Sabato ni lazima, maana ng'ombe huumia, lakini kupeleka maziwa kwenye kituo cha kuuzia Jumamosi asubuhi ni biashara. Anayefanya biashara siku hiyo hawezi kuongoza darasa la watoto. Katika darasa hilo dada amelea watoto wa kijiji kizima, wengine sasa wana watoto wao humo humo. Lakini kumwaga maziwa hakuweza. Alisema mkono wake unakataa.

Nikamletea barua moja iliyokuwa na tafsiri chini yake. Ilikuwa jibu kuhusu ng'ombe mwenye shida hiyo hiyo, na rabi alikuwa ameshauri jirani asiyeshika siku hiyo akamue, maziwa yawe yake. Wakati huo jirani wa dada, Mkatoliki mcheshi, alikuwa amekaa mlangoni akinywa chai yetu.

"Kwa hiyo mimi ndiye yule asiyeshika?" akauliza.

"Unashika Jumapili," nikamwambia. "Kwa barua hii, hiyo haihesabiki."

"Niko hapa nakunywa chai yenu, na bado mnaniita mpagani."

"Hakuna aliyekuita," dada akasema. "Ila ungeitwa, ungekuja na ndoo?"

Jirani akacheka. Akasema misa ya kwanza ya Jumapili humkuta bado yuko chini ya ng'ombe wake, na padri ameanza kumtazama vibaya anapoingia kwa kuchelewa. Dada akaweka kikombe chini. Sikuhitaji kueleza kitu tena: Jumamosi jirani amkamulie dada, maziwa yawe yake, Jumapili dada amkamulie, maziwa yawe ya dada.

Nikamshauri dada aliandikie baraza la kanisa. Akaandika mstari mmoja: je, nina kosa? Nikamrudishia karatasi. Nikamweleza kwamba rabi asingeweza kujibu hilo, kwa sababu ng'ombe hayumo, jirani hayumo, na watoto wa darasa hawamo. Akanung'unika kwamba nimekuwa mgumu kuliko mzee wa kanisa, lakini akaandika upya, kurasa mbili, hadi pembeni. Mwishoni akajiita mdogo. Nikamwambia hilo si lazima. Akasema wazee watalipenda.

Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe na barua mkononi, akiigeuza kutafuta maneno ya pembeni. Aliisoma tena mbele yetu, polepole. Dada alikuwa ameshika ncha ya leso yake.

"Darasa ni lako," mzee akasema hatimaye. Kisha akakohoa. "Huyu jirani wako, Jumamosi anaweza kufika na kwangu, nyumba ya tatu? Na mimi nina ng'ombe wawili."

Jirani, aliyekuwa mlangoni kama kawaida, akasema atafikiria, ila na yeye atahitaji swali kwa maandishi.

Basi nawe, ukiwa na swali linalokunyima usingizi, chukua karatasi. Andika kwanza ni ng'ombe gani, ni nani anayeumia, na jirani yako ni nani. Swali lenyewe liandike mwisho, kisha acha nafasi pana pembeni kwa ajili ya jibu.